Nukta Tatu Pembeni mwa Kichwa cha Pampu

6 Septemba

Wandugu wanamapambano wa karakana, ninyi ambao mikono yenu imekuwa myeusi kwa grisi ili magurudumu ya wengine yaende: nawasalimu kwa ngumi iliyoinuliwa!

Shangazi, aya hiyo isome kwa sauti wakati wa mapumziko, ukiwa umesimama juu ya lile kreti la betri, na fundi mwenzako Mashoto aambiwe aache kucheka. Sasa naanza upya kama mtoto mwenye adabu. Shikamoo. Mguu wa bibi unaendeleaje tangu mlipotoka hospitali? Mimi ni mzima wa afya. Chumbani bwenini tuko wanne, kitanda changu kiko chini ya dirisha lisilofungika, na kila mvua ikinyesha nalala nikiwa nimekunja magoti kama kisu cha mfukoni.

Sasa sikiliza. Juzi tulifanya mkutano wa kwanza wa muhula, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi madirishani. Zamu yangu ilipofika nikatoa mfukoni kile chombo cha kukatia viti vya valvu nilichokitengeneza kwenye jiliwa lako mwezi wa nane. Nikakiinua juu. "Wandugu," nikasema, "hii ni valvu ya lori iliyookotwa jalalani! Uso wake nimeupasua kwa msumeno mara sita. Katika kila mpasuko nimepachika kipande cha tupa iliyovunjika, nikakinoa kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano. Mgongoni nimechomelea nati, spana ipate pa kushika. Wanatuambia kifaa cha kukata kiti cha valvu, ule mdomo wa chuma ambao valvu huukalia ili kuziba, lazima kivuke bahari ndani ya kisanduku chenye kufuli la shaba. Mimi nawaambia kinazaliwa jalalani, na mkunga wake ni mnyonge mwenyewe!"

Shangazi, walipiga meza hadi moja ikavunjika mguu. Tangu siku ile naitwa Kipaza. Tumepitisha azimio: wenzetu wa uhandisi watatengeneza vyombo thelathini kwa mfano wa hiki, vigawiwe katika karakana ndogo ndogo zisizo na uwezo. Fikiria! Thelathini!

Wasalimie wote. Nilitaka kuuliza jambo moja dogo, si la haraka: pampu ya maji ya mtaa inaendeleaje?

Mtoto wa kaka yako,
Kipaza


21 Septemba

Mwanangu Kipaza,

Marahaba. Barua yako ilisomwa na Mashoto kwa sababu miwani yangu ilikuwa imekaliwa. Alipanda kwenye kreti kama ulivyoagiza, akainua ngumi, kreti likapasuka. Akaanguka na barua yako mkononi, akasema yuko tayari kufa kwa ajili ya wanyonge lakini si kwa kuangukia betri. Tumecheka sana.

Bibi yako anatembea na mkongojo, na anautumia zaidi kupiga kuku kuliko kutembelea. Anauliza kama huko unakula au unahutubia tu. Mdogo wako amefaulu mtihani wa hesabu, ameanza kuvimba kichwa kama wewe.

Umeuliza pampu. Inatoa maji, lakini asubuhi inakohoa kabla ya kuwaka, na moshi wake umebadilika. Sijaifungua bado. Viti vya valvu vya kichwa cha injini ile ulivikata wewe, siku nilipompeleka bibi yako hospitali. Nilikuachia neno uningoje jioni. Nikarudi nikakuta pampu imeshafungwa, watu wanachota maji na wewe umeshapanda basi kwenda kwenye mikutano yako. Sikulaumu. Watu walikuwa na kiu.

Ila unaijua desturi ya gereji hii. Kichwa kikishakatwa, tunaweka valvu mahali pake, tunamimina mafuta ya taa nyuma yake, halafu aliyekikata anakunywa kikombe kimoja cha chai, polepole, bila kusema na mtu. Chai ikiisha na hakuna tone lililopenya penye kiti, ndipo anapiga alama yake pembeni kwa nyundo. Mashoto nukta mbili. Mimi nukta tatu. Wewe tulikupa mstari mmoja, kwa sababu ulisema nukta hazikutoshi.

Basi nakuuliza tu, kwa kutaka kujua. Siku ile ulikunywa chai?

Shangazi yako


9 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa miwani, na pole zaidi kwa kreti. Mwambie mdogo wangu kwamba kichwa kilichovimba kwa hesabu ni cha heshima. Mwambie bibi ninakula. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Tumekuwa na maandamano kuhusu maji ya bweni, ambayo yanatoka siku tatu kwa juma kana kwamba sisi ni mimea ya kwenye kopo. Nilihutubia mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo. Nikasema: "Anayemnyima mtu maji amemnyima utu, na asiyetaja jina la mkosaji ameshirikiana naye!" Maneno haya yameandikwa kwa rangi ukutani, herufi za urefu wa mtu.

Kuhusu pampu, nimeitafakari kwa kina. Injini inayokohoa asubuhi ina sababu nyingi, na tusikubali kuzitazama kwa macho ya juu juu. Kwanza, mafuta ya dizeli yanayouzwa siku hizi yamechanganywa na kila uchafu. Pili, kamati ya maji inaiendesha injini ile tangu alfajiri hadi jioni bila kuipumzisha, kama mtumwa. Tatu, valvu zenyewe zinazoletwa madukani ni za chuma hafifu, nasi tunauziwa takataka kwa jina la vipuri. Hapo ndipo pa kuelekeza hasira, shangazi! Ningekuwa wewe ningewaita kamati nikawaeleza wazi.

Vyombo vimeanza kutengenezwa. Vitatu vimekamilika. Jarida la wanafunzi limechapisha picha yangu nikiwa nimekishika changu, mdomo wazi, mshipa wa shingo umetoka. Nakuletea nakala moja. Ibandike ukutani ukipenda, pale juu ya ndoo ya kuoshea vyuma.

Kipaza


30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Picha imefika. Bibi yako aliitazama sana, akauliza ni nani aliyekukanyaga. Hatujaibandika bado, ukuta umelowa.

Kuku wawili wamekufa, si kwa mkongojo. Mdogo wako ana mafua. Mengine ni salama.

Pampu ilizima Jumanne iliyopita, mama muuza sabuni akiwa na ndoo ya pili, imefika nusu. Nikaifungua palepale, watu wamezunguka, maana walitaka kuona. Valvu ya kutolea moshi imeungua upande mmoja, imelika kama biskuti iliyong'atwa. Kiti chake ni kipana kushoto na chembamba kama uzi kulia. Kimekatwa upande. Na ndani ya tundu linaloongoza shina la valvu nimekuta kipande cha bati, kina rangi ya bluu, bati la kopo la maziwa.

Nikaelewa chombo kilichokata hapo kilikuwa na shina jembamba kuliko tundu lake, kikavishwa bati ili kisicheze. Kikacheza hata hivyo. Na siku ile chombo changu cha zamani kilikuwa kinaning'inia gereji kwenye msumari wake. Kina meno manne tu na hakipendezi kwenye picha, lakini shina lake ni la injini ileile.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameinama begani kwangu. Akafuta ukingo wa kichwa kwa kidole gumba. "Shangazi," akasema, maana siku hizi mtaa mzima unaniita hivyo kwa ajili yako, "hizi nukta tatu si zako?"

Nikazihesabu. Nikafuta tena, nikahesabu tena.

Nikamwambia, "Nukta tatu ni zangu."

Mashoto akanitazama, akafungua mdomo. Nikamwambia aniletee spana ya kumi na nne. Akasema, "Ya kumi na nne unayo mkononi." Nikamwambia alete nyingine.

Kiti kimezama mno, hakikatiki tena. Inabidi kuchimba na kupachika pete mpya ya chuma, na aliye na mashine ya kuichonga yuko mbali na ana foleni. Kwa sasa nimeazima injini ndogo, inatoa maji saa mbili tu kwa siku. Wengine wanatembea mpaka ng'ambo ya barabara kuu. Kamati itakaa mwezi wa kumi na mbili kuamua kama ufunguo wa chumba cha pampu ubaki kwangu au apewe fundi mwingine. Nimekuwa nao miaka kumi na moja. Mama muuza sabuni ameniambia, "Umezeeka, mama, pumzika," na hakulisema kwa ubaya.

Sikuulizi kitu. Jifunike, dirisha lako hilo halifungiki.

Shangazi yako


24 Novemba

Mwanangu,

Hukujibu. Bibi anasema labda umefungwa. Nimemwambia wangetuita.

Sukari imekwisha, mvua imepungua, mguu wake ni afadhali. Mashoto amepoteza jino kwa kufungulia chupa.

Tuandikie hata mstari mmoja.

Shangazi


2 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako mbili zimo chini ya godoro langu. Ile ya Oktoba nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba mkunjo wake umekatika. Sikufungwa. Ingekuwa heri.

Kila nilipoanza kukujibu nilijikuta nimeandika hotuba. Nimechana kurasa kumi na moja. Katika moja nilieleza udhaifu wa bati la maziwa kwa ufasaha wa ajabu. Sasa nitaandika kwa mpangilio wa siku ile, ili nisipate pa kujificha.

Ulipoondoka na bibi, watu wa kamati walikuja kuuliza kama pampu itakuwa tayari siku hiyo. Ungekuwapo ungesema kesho. Mimi nilisema saa nane, kwa sababu basi langu lilikuwa saa tisa, na kwa sababu walikuwa wamesimama wengi, nami nikiona watu wengi wamesimama siwezi kusema neno dogo. Mashoto hakuwapo, alikuwa amekwenda kuvuta lori. Nilikiona chombo chako kwenye msumari. Nikakipita. Nilitaka kazi ya kwanza ya chombo changu iwe kazi ya umma, nipate la kusimulia. Shina likacheza ndani ya tundu. Nikakata kopo la maziwa, nikalivisha bati. Likaacha kucheza kwa mkono, nikajiambia limekubali. Nikazungusha. Chuma kilitoka upande mmoja tu, chembe nyembamba kama unyoya kushoto, na kulia hakuna. Nikazidi kukandamiza ili kulia nako kufikiwe. Ulinifundisha kuchora mistari ya penseli juu ya kiti, kuweka valvu, kuizungusha kidogo na kuona kama mistari yote imekatika. Nilichora. Mistari ya kulia ilibaki mizima. Nikaifuta kwa kidole.

Nilimimina mafuta ya taa. Chai niliipika, shangazi. Nilimimina kikombe, nikakiweka juu ya benchi, na kabla sijakigusa mafuta yalikuwa yameshapenya, si tone, ni mstari, unashuka kwenye ukingo. Nikautazama. Watu walikuwa mlangoni na ndoo, mmoja akauliza, "Vipi, mwanafunzi, imekubali?" Nikachukua kitambaa, nikafuta kichwa kikakauka, nikasema, "Imekubali."

Chai niliimwaga nje.

Halafu alama. Hapa ndipo kalamu inapokataa. Nilishika tindo ya mstari wangu, nikaiweka juu ya chuma, na mkono haukupiga. Nilijua kichwa kile kitarudi. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikarudisha tindo, nikachukua ncha yako ya nukta, nikapiga moja, mbili, tatu. Zikakaa sawasawa kama zako. Hilo ndilo linaloniamsha sasa. Kwenye kiti mkono wangu ulikosea; kwenye nukta haukukosea hata unywele mmoja.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya mamia ya watu nikakiinua chombo kile. Mwezi uliofuata nikawaambia kwamba asiyetaja jina la mkosaji ameshirikiana naye. Nikipita pale ukutani natembea upande wa pili wa njia, nikijifanya nina haraka.

Nilipopata barua yako ya Oktoba, vyombo kumi na viwili vilikuwa tayari, vimefungwa kwa karatasi ya jarida lenye picha yangu. Vyote vimefuata shina la changu. Vyote ni vyembamba. Wiki tatu nilijua na nikanyamaza, na kila asubuhi nilijiambia nitasema baada ya mhadhara. Juma lililopita walitaka kuvipeleka. Nikasimama mkutanini. Nikawaambia, "Wandugu, visitoke. Kifaa hiki kimeua pampu ya mtaa wetu, na aliyeiua ni mimi." Wakacheka, wakadhani ni utangulizi. Wamezoea kwamba nikianza chini napanda juu. Wakangoja nipande. Sikupanda. Nikaeleza habari za shina, bati na kitambaa. Mmoja nyuma akaita, "Kipaza, na fundi mwenye karakana alisema nini?" Nikasema, "Alisema nukta tatu ni zake." Hakuna aliyepiga meza. Yule wa uhandisi aliyevitengeneza alivikusanya akavirudisha kwenye gunia, na alipokuwa akipita karibu yangu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini kwa nini hukupima tundu kwanza?" Nikamshikia gunia akalifunga.

Sasa nakuomba. Nimeambatanisha karatasi ya pili. Inaanza hivi: "Wandugu wa foleni ya ndoo, kama bado mnaniruhusu kuwaita hivyo." Nimeeleza humo yote niliyokuandikia hapa. Kamati ikikaa, simama uisome, au Mashoto aisome, kabla hawajagusa habari ya ufunguo. Wakijua ukweli ufunguo utabaki kwako. Hilo tu ndilo ninalotaka lirudi mahali pake. Mimi sistahili kusimama mbele yao.

Usiniandikie kwamba umenisamehe. Sijaomba hilo, wala sijui kuliomba.

Mtoto wa kaka yako
(jina lile jingine nimelirudisha kwa walionipa)


10 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo. Nimemwambia hukufungwa, akasema haya basi, mpikie uji mwingi akija, atakuwa amekonda.

Barua nimeisoma peke yangu, nyuma, penye matairi. Halafu nikamwita Mashoto nikampa. Alisoma akisogeza midomo. Akasema, "Nilijua." Nikamwambia, "Nami nilijua." Tukarudi kwenye kazi.

Unataka kujua kwa nini nilisema nukta ni zangu. Sikutaka watu wa foleni wakujue kupitia mdomo wangu. Napita dukani, mama muuza sabuni ananionea huruma, namwitikia. Kuonewa huruma kwa kazi ambayo hukuifanya ni kitu kizito, hujui hata mkono uuweke wapi.

Karatasi yako ya pili sitaisoma kwa mtu. Mashoto naye hataisoma, kreti jipya bado hatujapata. Nimeirudisha humu ndani, iangalie. Una mdomo, na kwa miezi mitatu nimesikia jinsi unavyofanya kazi. Unasema hustahili kusimama mbele yao. Kwenye basi utakaa, ukifika utasimama.

Pete ya kiti imefika. Nimekipasha kichwa moto nikaipachika, imekaa vizuri, lakini sijaikata. Haina pembe bado, ni chuma bapa. Chombo changu cha meno manne kiko msumarini. Nukta tatu sijazisaga. Chini yake nimepapiga tupa pakawa laini, upana wa mstari mmoja.

Nitakibeba kichwa mpaka penye pampu pamoja na benchi dogo, mafuta ya taa na jiko. Utakata mbele yao. Ukikosea, utakosea mbele yao. Chai nitaipika mimi na utainywa ukiwa umesimama, polepole, bila kusema na mtu, foleni nzima ikikutazama. Likipenya hata tone moja, unaanza upya, nao wanangoja. Habari ya ufunguo wataamua wenyewe baada ya kukusikia, na watakaloamua nitalikubali, nawe utalikubali.

Njoo na nguo za kazi, na tindo yako.

Kikao ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, penye pampu. Usichelewe, watu wanakuja na ndoo tupu.

Shangazi yako